Msanifu Michoro Naye ni Mwandishi

Mkenya anayeondoka nyumbani alfajiri kwenda kazini husoma Kiswahili kingi kabla hajafungua gazeti lolote. Husoma "Kinyozi" juu ya mlango wa kibanda, "Hoteli" ubavuni mwa mkahawa usiokuwa na chumba hata kimoja cha kulala wageni, bei ya unga kwenye bango la duka, onyo kwenye ukuta wa shule na nasaha mgongoni mwa matatu iliyomtangulia. Afikapo afisini huwa amekwisha kusoma maneno ya kutosha kujaza kurasa mbili tatu, na aghalabu maneno hayo hayakupitia mikononi mwa mhariri yeyote. Sisi walimu wa lugha hutumia miaka mingi kuvijadili vitabu vinavyosomwa na wachache, huku tukiyapuuza maandishi yanayosomwa na kila mtu mwenye macho.

Ni nani basi anayeyaandika? Zamani alikuwa fundi wa rangi na brashi, aliyepanda ngazi na kopo lake akaandika herufi moja baada ya nyingine. Leo aghalabu ni kijana aketiye mbele ya tarakilishi, asiye na mwajiri wala mshahara wa mwisho wa mwezi, anayefanya kazi ya yeyote abishaye hodi. Huyo ndiye msanifu michoro. Nia yangu katika makala haya ni kudai kwamba mtu huyu ni mwandishi, tena mwandishi wa umma, na kwamba tabia yetu ya kumchukulia kama mkono usio na kichwa inaidhuru lugha yetu na inamdhulumu yeye pia.

Neno lenyewe lina funzo. Kitenzi kusanifu ndicho kilichotupatia Kiswahili sanifu, yaani lugha iliyopangwa na kuwekewa kaida. Ndicho pia kilichotupatia msanifu majengo, mtu ambaye hakuna tajiri anayeweza kumwambia, "Nichoree ghorofa kwanza, nikilipenda nitakulipa." Msanifu majengo husajiliwa kwa mujibu wa sheria na jina lake huandikwa kwenye ramani. Msanifu michoro, ambaye cheo chake kimezaliwa na kitenzi hicho hicho, huitwa "yule kijana wa kompyuta".

Namjua mmoja wao kwa karibu. Aliwahi kuketi katika darasa langu la isimu, akafuzu, akaitafuta kazi ya kufundisha asiipate, kisha akakodi chumba kidogo katika eneo la River Road jijini Nairobi, mahali palipojaa wapiga chapa. Siku moja nilimwomba anionyeshe kazi zake za juma moja tu. Jumatatu alikuwa amepanga kijitabu cha mazishi cha kurasa nane, kilichotakiwa kabla ya jua kutua. Jumanne alichora kadi za harusi, na alasiri akaandaa orodha ya vyakula ya mkahawa. Jumatano ilikuwa zamu ya lebo ya asali ya kikundi cha akina mama. Alhamisi alitengeneza bango la mwaniaji wa uwakilishi wa wadi. Ijumaa alikuwa na tangazo la chanjo la zahanati na kadi za mchango wa kanisa. Jumamosi alimaliza vyeti vya kuwatuza wanafunzi wa shule ya msingi, kisha akakata herufi za kubandikwa kwenye kioo cha matatu.

Mwalimu wa kidato cha nne atakuwa amekwisha kutambua ninakoelekea. Tunawafundisha wanafunzi wetu sajili za lugha: sajili ya matanga, ya biashara, ya siasa, ya hospitali, ya dini. Wao huzikariri sifa zake kwa ajili ya mtihani na kuzisahau mara waondokapo chumbani. Kijana huyu huzipitia zote kati ya Jumatatu na Jumamosi, na akikosea hapunguziwi alama mbili, bali humpoteza mteja.

Na kukosea ni rahisi kuliko tudhanivyo. Katika kijitabu cha mazishi, mpangilio wa majina ni jambo zito. Akimtanguliza mke mdogo kabla ya mke mkubwa, au akiliandika jina la mjukuu kwa herufi kubwa kuliko la mjomba, ugomvi utakaozuka utamfuata marehemu hadi kaburini. Katika kadi ya harusi, Waislamu wa pwani wana namna yao ya kualika, na Wakristo wa bara wana yao. Katika tangazo la chanjo, alikuwa ameletewa sentensi isemayo, "Watoto wote walio chini ya umri wa miaka mitano wanapaswa kuletwa ili wapewe chanjo." Aliitazama, akampigia muuguzi simu, na kwa idhini yake akaiandika upya: "Una mtoto wa chini ya miaka mitano? Mlete achanjwe." Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba mama apitaye njiani akiwa na mtoto mgongoni na mzigo kichwani hasimami kusoma sentensi ndefu, na kwamba neno "kuletwa" halimwambii nani alete. Nimefundisha kauli ya kutendwa kwa miaka mingi, wala sikumbuki kuieleza vizuri namna hiyo.

Uhusiano huu wa neno na mchoro si mgeni kwetu. Itazame leso, au kanga kama wengine wanavyoiita. Ina sehemu tatu: pindo lizungukalo kingo, mji ulio katikati, na jina, yaani ule msemo ulioandikwa chini ya mji. Mwanamke aingiapo katika duka la mtaa wa Biashara mjini Mombasa huangalia rangi kwanza, kisha husoma. Mchoro uwe mzuri vipi, jina likiwa baya leso hurudi rafuni. Majina hayo yaliandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa hati za Kirumi, na kwa vizazi vingi yamekuwa njia ya watu kuambiana mambo yasiyoweza kusemwa kwa kinywa. Leso zijulikanazo sana Mombasa ni zile zenye alama ya "Mali ya Abdulla", za biashara ya Kaderdina Hajee Essak iliyoanza mwaka 1887. Mwenye mali tunamjua, kwa kuwa amejiandika. Aliyelichora ua na aliyeutunga msemo hawakuandikwa popote, ingawa kazi yao ndiyo iliyowafanya wanawake wafungue mikoba. Desturi hiyo tumeirithi pamoja na leso yenyewe.

Sasa tuje kwenye lugha. Ni kweli kwamba mabango yetu yamejaa makosa, na wenzangu wengi hukasirika wayaonapo. Lakini hasira si uchunguzi. Makosa mengi yana chanzo kinachoeleweka. Programu nyingi anazotumia msanifu ziliundwa kwa ajili ya lugha nyingine, hasa Kiingereza, ambacho maneno yake mengi ni mafupi. Kiswahili hubeba kiima, wakati, yambwa na kitenzi ndani ya neno moja. "Tutakuhudumia" ni neno moja lenye herufi 13, na halitoshi katika kijisanduku kilichopimwa kwa maneno mafupi. Msanifu asiyeijua sarufi hulipasua akaandika "Tuta kuhudumia", na dereva anayepita hutafuta tuta barabarani. Kwa njia hiyo hiyo "Tunauza" huwa "Tuna uza". Programu nayo ikiachiwa kukata maneno mwishoni mwa mstari, hukata mwanafunzi ikawa "mwan-" juu na "afunzi" chini, ilhali silabi zetu nyingi huishia kwa irabu na neno hilo lilipaswa kukatwa baada ya "mwa", "mwana" au "mwanafu".

Kuna pia kile kialama kidogo cha ng', ambacho wengi hukiona kama uchafu wa wino. Kikiondolewa, ng'oa, ambalo ni tendo la kutoa kitu kwa nguvu, huwa ngoa, ambalo maana yake ni wivu. Daktari wa meno atakayeandikiwa "Tuna ngoa meno" atakuwa amelipia tangazo la kuwaambia majirani kwamba ana kijicho.

Kama mabango yanaweza kuibomoa lugha, yanaweza pia kuijenga. Mwaka 2020, ugonjwa wa COVID-19 ulipoingia nchini, tulihitaji haraka jina la kitambaa cha kufunika mdomo na pua. Neno barakoa, ambalo hapo awali lilifahamika zaidi kwa kifuniko cha uso cha wanawake wa pwani na wa Uarabuni, lilipewa maana hii mpya. Redio na magazeti yalilitangaza, lakini lilibandikwa pia kwenye milango ya maduka, kuta za zahanati na vioo vya matatu, likiwa na mchoro wa uso uliofunikwa kando yake. Mtoto asiyewahi kulisikia alilielewa mara moja kwa kutazama. Istilahi nyingi tulizotunga katika makongamano yetu hazikupata bahati ya kuwa na mchoro, na zingali zimelala kwenye majalada.

Nikitaja makongamano, sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kamati iliyoandaa kongamano la lugha, nikampa kijana huyu kazi ya kutengeneza bango na ratiba. Nilimtumia maneno niliyoyaandika kwa uangalifu wote wa mtu mwenye shahada ya uzamifu. Jioni ile ile alinipigia simu. "Samahani, mwalimu," akasema, "umeandika kwamba kongamano litafungwa tarehe 31 Juni." Juni ina siku 30. Wanakamati tisa walikuwa wameyasoma maneno hayo na kuyapitisha. Aidha alinishauri, kwa adabu, kwamba mada ya kongamano ilikuwa na maneno 19 na haingeweza kusomwa na mtu anayepanda ngazi. Tuliipunguza ikawa maneno sita, na ikawa bora zaidi.

Tulimlipaje? Tulimfanya abadilishe rangi mara nne, kwa kuwa kila mwanakamati alikuwa na rangi yake. Tukaongeza kazi ya vyeti ambayo haikuwamo katika mapatano, ikiwa mapatano yalikuwapo, maana hatukuwa tumeandika chochote. Ankara yake ilizunguka kutoka meza hii hadi ile kwa miezi mitano. Kila aliponipigia simu nilimjibu kwamba mambo yanashughulikiwa. Katika hotuba ya kufunga niliwashukuru wapishi, madereva na wakalimani, na sikumtaja yeye. Hatimaye alilipwa, lakini kwa muda wote huo kodi ya chumba chake haikungoja saini zetu. Mimi niliyekuwa nikiandika makala kuhusu heshima ya lugha nilikuwa nimemkopa mtu aliyeiokoa lugha yangu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wanafunzi wanaokusudia kuifanya kazi hii wanapaswa kuijua sheria kabla ya kuijua programu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inautambua mchoro kuwa kazi ya sanaa, na hakimiliki yake hudumu kwa maisha ya mtungaji na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inasema kwamba kazi ikiwa imeagizwa na mteja, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa mwagizaji, ila pande mbili ziwe zimepatana vinginevyo. Maana yake ni kwamba msanifu anayefanya kazi kwa maneno ya mdomo tu atakuwa ameitoa nembo yake moja kwa moja, itumike kwenye magunia, kwenye magari na kwenye fulana kwa miaka mingi, na asiwe na la kudai zaidi ya zile shilingi za siku ya kwanza. Haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtungaji hubaki kwake hata baada ya hakimiliki kuhama, lakini wangapi wanajua kwamba wanayo?

Mfano maarufu unatoka Marekani. Mwaka 1971 Carolyn Davidson, aliyekuwa mwanafunzi wa usanifu katika Chuo Kikuu cha Portland State, aliichorea kampuni changa ya viatu alama iliyofanana na mkwaju wa upepo. Alilipwa dola 35. Kampuni hiyo ni Nike, na alama ile sasa inajulikana duniani kote. Mwaka 1983 kampuni ilimwita ikamtunuku pete na hisa. Watu hupenda kuisimulia hadithi hii kwa ajili ya mwisho wake mwema. Mimi huwahimiza wanafunzi wautazame mwanzo wake, kwa kuwa tunu hutegemea moyo wa mtoaji, na msanifu wa River Road hawezi kumwambia mwenye nyumba angoje miaka 12.

Wapo watakaosema kwamba ninawatetea wavivu, na kwamba anayeandika "Tuna uza" hastahili kulipwa kama mwandishi. Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuikwepa. Wapo wasanifu wasiojali, wanaochukua mchoro wa mwenzao, wakabadilisha jina na kuuza. Lakini tujiulize ni nani aliyewafunza lugha. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulisisitiza kazi za mikono, lakini katika shule zetu somo ambalo halitahiniwi kitaifa halikawii kuachwa. Mwanafunzi aliyependa kuchora aliambiwa aache kuchafua daftari. Yule aliyependa Kiswahili aliambiwa atakuwa mwalimu au mtangazaji, basi. Katika vyuo vikuu vyetu, mwanafunzi wa usanifu na mwanafunzi wa Kiswahili aghalabu hukutana kwenye foleni ya chakula tu. Tumewatenganisha kwa miaka minne, kisha tunashangaa kwamba bango lina sura nzuri na lugha mbovu, au lugha safi na sura ya kuchosha macho.

Wengine watasema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa zipo programu za akili unde zinazoweza kuchora bango kwa dakika chache. Zipo, na wasanifu wenyewe wanazitumia. Lakini programu haitabeba lawama ya mke mkubwa aliyewekwa chini ya mke mdogo, wala haitampigia muuguzi simu kumwomba idhini. Kadiri michoro inavyozidi kupatikana kwa urahisi, ndivyo anavyozidi kuhitajika mtu wa kusimama kati ya mteja na ukuta na kusema, "Hapana, Juni haina siku 31."

Nini kifanyike? Kwa walimu wenzangu, ningependekeza mabango yaingie darasani. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umetenga mkondo wa sanaa na michezo katika ngazi ya sekondari ya juu. Tusiuache mkondo huo utembee peke yake bila Kiswahili. Mwalimu wa sajili awatume wanafunzi wakusanye matangazo ya mtaani kwao, wayachanganue, kisha wayaandike na kuyachora upya. Kazi hiyo haihitaji fedha, na mwanafunzi atajifunza kwamba sarufi ina makazi nje ya kitabu.

Kwa wanafunzi wenye kipaji cha kuchora, someni lugha. Mchoro utakuleteeni mteja wa kwanza, lakini uangalifu wa maneno ndio utakaomrudisha. Jifunzeni pia kuandika mapatano ya ukurasa mmoja: kazi ni ipi, itarekebishwa mara ngapi bila malipo ya ziada, itatumika wapi, hakimiliki itabaki kwa nani, na arabuni ni kiasi gani. Arabuni, yale malipo ya kutangulia, si tusi kwa mteja. Mshonaji huiomba na seremala huiomba, wala hakuna anayewaita walafi.

Na kwetu sisi tunaoagiza kazi, wakuu wa shule, wenye maduka, makanisa, misikiti, vyama na idara za vyuo vikuu, tulipe kwa wakati, na tuliandike jina la msanifu kwa herufi ndogo pembeni. Herufi hizo hazitaziba nafasi. Siku jina lake litakapoonekana, yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kuogopa kuandika "Tuta kuhudumia", kwa kuwa kosa litakuwa na mwenyewe. Heshima ya mtu na usahihi wa lugha vitakuwa vimelindwa kwa mstari mmoja.

Juma lililopita nilipita tena River Road. Kijana yule, ambaye sasa ana ndevu na msaidizi mmoja, alikuwa akipanga kijitabu kingine cha mazishi. Alikuwa ameshika kalamu ya mkononi, akiyasoma majina ya watoto wa marehemu kwa sauti, mmoja mmoja, mbele ya binti wa marehemu aliyeketi kwenye kigoda. Alipofika kwa jina la nne yule binti alimsahihisha tahajia, naye akaandika, akalisoma tena, akangoja aitikie kwa kichwa kabla ya kuendelea. Nilisimama mlangoni hadi walipomaliza, kisha nikampa kazi niliyokuwa nimemletea, pamoja na nusu ya malipo.